Zitouna Bado Amesimama

Jumatatu, 6 Novemba

Sikukuu. Hakuna shule, kwa hiyo nimeshinda kliniki kwa Mama. Wasichana wa darasa letu wamekwenda mtaa wa Hamria kula aiskrimu na kupigana picha. Mimi nimeshika mkia wa mbuzi ili apimwe homa. Sikualikwa. Hata ningealikwa ningeitikia ndiyo, halafu nisitokee, halafu nijichukie wiki nzima. Bora mkia.

Asubuhi kaja Madame Sekkat na mbwa wake, Pacha. Miwani ya jua ndani ya nyumba, marashi ya kuua nzi. Pacha ana uvimbe tumboni mkubwa kama tikiti, hali, hawezi hata kutikisa mkia akiitwa. Madame alitaka Mama amsaidie "apumzike". Mama akamwuliza, apumzike vipi? Si unajua, Daktari, ile sindano. Mama akajitia hajui. Mikono mfukoni mwa koti jeupe, uso kama ukuta.

Hii ndiyo tabia ya mama yangu, na ninaiandika ili nikiwa mkubwa nisije nikasahau kwa nini nilimdharau. Hachomi ile sindano mpaka mwenye mnyama aseme kwa kinywa chake, wazi: nataka umuue. Si kumpumzisha. Si kumlaza. Si kumwondolea taabu. Bouchta, msaidizi wake, humshika mnyama na kutazama dari mpaka neno litoke. Watu wazima na ndevu zao hulia. Mwanajeshi mstaafu mmoja aliomba maji kwanza. Madame Sekkat alijaribu kwa Kifaransa, akajaribu kwa Kiarabu, akazunguka kote kama anayetafuta pa kuegesha gari. Mwisho kasema. Kwa sauti ya kitoto.

Na Mama akamuua. Kwa upole, simsingizii. Halafu akanawa mpaka viwikoni, akamwambia Bouchta alete chai, akamkalisha Madame na kumwuliza mwaka huu mizeituni yao imezaaje. Mizeituni! Pacha hajapoa, yuko pale chini ya shuka. Nikamwona Mama anachovya biskuti.

Biskuti.


Jumatano, 8 Novemba

Nimerudi shuleni nikamkuta farasi uani, kati ya kliniki na nyumba yetu.

Ni Zitouna wa Ba Allal. Ba Allal anaendesha gari la farasi pale kwenye lango la Bab Mansour, anazungusha watalii, mji mzima unamjua kwa kofia yake ya majani na mdomo wake usiofungwa. Zitouna ni jike la kahawia, alizaliwa mikononi mwake. Kumbe mimi na yeye tuna umri mmoja. Leo alikuwa amesimama vibaya sana. Miguu ya mbele ameitanguliza, uzito wote kaurudisha nyuma, kama mtu anayeogopa kuingia maji ya baridi. Hatua moja, anatetemeka. Hatua nyingine, jasho.

Sababu? Harusi. Wiki iliyopita walimvalisha maua akamvuta bibi harusi, mpwa wa Ba Allal, mtaa kwa mtaa. Na mtaani kwao bibi harusi akipita, kila mlango humtolea farasi bakuli la shayiri, kwa baraka. Farasi akikataliwa bakuli, eti bibi harusi atakosa mtoto. Milango yote ile! Ba Allal hakurudisha hata punje. Farasi akishiba shayiri namna ile sumu hushuka kwenye kwato. Kila mwendesha gari anajua. Ba Allal anajua. Lakini nani athubutu kumwambia shangazi wa bibi harusi aondoe bakuli lake? Wamemuua kwa ukarimu. Nina hakika huyo bibi harusi atazaa mapacha, na watakuwa wajinga kama wao.

Mama kampiga picha ya eksirei kwatoni. Kaipandisha kwenye taa nami nikaona: mfupa wa ndani ya ukwato umepinda kuelekea chini, miguu yote miwili ya mbele. Akamwambia Ba Allal ukweli, taratibu. Dawa ya kupunguza maumivu ipo. Dawa ya kuurudisha mfupa haipo. Ukiendelea kushuka utatoboa soli.

Ba Allal akavua kofia. Kasema roho ni ya Mungu, yeye nani amkatie Zitouna siku zake. Kaomba abaki hapa, apewe chochote kilichopo. Basi kaondoka. Analala kwake, na farasi anasimama kwetu.


Alhamisi, 9 Novemba

Imla ya Kifaransa: nimepata kumi na nane kati ya ishirini. Mwalimu kaniambia niisome mbele. Nikanyanyuka, nikakaa tena. Watu wamecheka hadi kengele.

Zitouna halali chini. Akilala hawezi kuinuka, nafikiri analijua hilo. Nimemlowekea nyasi. Anakula kidogo, kwa adabu, kama mgeni asiyependa chakula lakini hataki kumuudhi mwenyeji. Bouchta kanipitia na ndoo: "Ghita, usimzoee. Hapa si nyumba ya shangazi."

Ba Allal kaja jioni. Kamsugua brashi mwili mzima, kampangusa macho kwa kitambaa. Kamsimulia habari za mjini, nani kagombana na nani, nani kaharibu gurudumu. Farasi aliye kwenye maumivu anasimuliwa habari za gurudumu! Mama anamwangalia kutoka dirishani. Wote wawili wananichefua.


Ijumaa, 10 Novemba

Sijui niandike vipi. Nitaandika tu.

Baada ya sala Ba Allal kaleta sinia la kuskusi, amelifunika kwa kitambaa. Mkewe kapika, mboga saba, sijui karoti, na zabibu juu. Tukala uani sote, mita chache kutoka kwa Zitouna. Mama kamwuliza tena. Kamwambia dawa zimefika mwisho wake, haziwezi kupandishwa zaidi. Ba Allal katengeneza tonge lake kwa kiganja, kalitazama, kalirudisha kwenye sinia. Akasema labda Mungu atamchukua mwenyewe.

Labda! Mimi sisemi mbele za watu, kila mtu anajua, lakini kwa Kifaransa huwa ni kama si mimi ninayesema. Nikamgeukia Mama nikamwambia kwa Kifaransa, haraka: mtu huyu ni mwoga, anamwacha aoze ili yeye abaki msafi.

Ba Allal hakuinua kichwa. Akajibu. Kwa Kifaransa, polepole, kile kilichonyooka ambacho mwalimu wetu mwenyewe hana.

"Mwoga, sawa, bibie. Lakini kuoza, hapana. Namwosha kila siku."

Maisha yake yote anawapakia Wafaransa kwenye gari lake. Na mimi sikufikiria. Kumi na nane ya imla!

Bouchta kakohoa. Mama kanitazama jicho moja tu, nikajua la kufanya, nikaomba radhi. Sauti haikutoka vizuri. Ba Allal kasema hakuna neno, binti yangu, kula. Nikala. Kila punje ilikuwa kama msumari.

Hata hivyo nilisema kweli. Siwezi kuirudisha kweli kwa sababu mtu anajua Kifaransa.


Jumamosi, 11 Novemba

Soli imetoboka. Mguu wa kushoto. Mama kafungua bandeji asubuhi, harufu ikajaa uani. Kampigia Ba Allal simu mara kadhaa, hapokei. Bila shaka hapokei. Simu ikilia ameshajua.

Nimewaza kufanya mwenyewe. Nimewaza sana. Najua ufunguo wa kabati uko wapi. Najua mshipa wa shingo, nimemwona Mama akiubonyeza kwa kidole gumba mpaka unavimba. Nikaenda nikasimama mbele ya kabati. Basi. Nikarudi.

Halafu nimemfuata Mama stoo. Nikamwuliza kwa nini anangoja ruhusa ya mtu asiyestahili kumiliki hata kuku. Kasema farasi si wake, na mali ya mtu haichinjwi wala haichomwi sindano bila yeye. Nikasema sawa, na hata akija utamsimamisha pale kama mshitakiwa, utataka aseme. Kwa nini unawatesa?

Akakaa juu ya gunia la pumba.

"Sindano naibeba mimi, Ghita. Hiyo ni kazi, niliisomea. Lakini nisipoletewa neno, nalo nalibeba. Zamani nilikuwa naachia watu waseme watakavyo. 'Mpumzishe, Daktari,' halafu mbio, mlango huo. Vyote nabaki navyo mimi. Nikawa nafika nyumbani wewe unalia, nami siwezi kukunyanyua."

Hilo sikulijua. Halafu nikamwuliza habari ya biskuti.

"Biskuti gani?"

"Unakula. Hawajapoa bado, wewe unakula na kuuliza mizeituni."

Akacheka, cheko bila furaha. Kasema siku yenye sindano kwake hayaingii hata maji tangu alfajiri mpaka amalize. "Wewe unadhani nakula kwa raha?"

Sawa. Nimeelewa. Lakini kuelewa si kukubali. Bado naona ni ujanja. Anawakatia watu vipande vya mzigo wake kama anavyokata mkate, kila mmoja chake, halafu anawapa chai washushie. Na wao wanakubali! Taifa zima la watu wasioweza kutamka neno moja, na mama yangu mlangoni akiwatoza neno hilo.

Mimi ningelisema. Papo hapo. Bila maji.


Jumapili, 12 Novemba

Ba Allal kaja na mashahidi wawili. Mmoja kinyozi, mwingine muuza maandazi, bado ana mafuta mikononi. Wamevaa majuba ya Ijumaa, siku ya Jumapili. Nikajua kuna jambo.

Kamfungua Zitouna kamba pale ukutani. Kamnong'oneza kitu sikioni, sikusikia. Kambusu katikati ya macho. Halafu hakwenda kwa Mama. Alikuja kwangu, mimi niliyekuwa nimejibanza nyuma ya ndoo, akaninyooshea kamba.

Na mimi nikaipokea.

Hii ndiyo kasoro yangu. Mtu akininyooshea kitu, napokea. Karatasi za matangazo barabarani, maandazi nisiyoyataka, watoto wa watu. Mkono unatangulia, akili inafuata baadaye ikihema.

Akawageukia mashahidi wake akasema, mmeona? Wakasema wameona. Akasema Zitouna ni zawadi yake kwa binti wa daktari, toka mkono wa kulia kwenda mkono wa kulia, hana haki naye tena duniani wala akhera. Kinyozi kasoma Fatiha. Muuza maandazi kafuta mikono usoni, akajipaka mafuta.

Mama alitoka mbio. "Ba Allal, huyu ni mtoto."

"Ana miaka ya Zitouna. Na ana lugha mbili," akasema. Hakuwa anadhihaki, nilimwangalia sana usoni nikitafuta dhihaka. "Lalla Daktari, mimi ni mwoga. Binti yako kaliona hilo mwenyewe, kalisema. Basi acha Zitouna awe na mtu asiye mwoga."

Wakaondoka. Hakugeuka. Mtu mzima hovyo! Kaukimbia msiba wake na kuniachia mimi, na mashahidi juu.

Lakini lazima niandike yote: nilifurahi. Kwa muda mfupi nilifurahi kweli. Nikasema sasa basi, yamekwisha, leo hii hii anapumzika— nimeandika anapumzika. Nimeliona. Sikulifuta.

Mama alijaribu kunipokonya kamba. Kasema hii si zawadi, ni uhuni, atampigia simu. Nikamwambia nimepokea mbele ya mashahidi. Nilisema kwa kiburi. Nilisema sauti ikitoka vizuri kabisa, Bouchta kageuka kunitazama. Basi Mama akarudisha mikono mfukoni. Uso ukafunga. Sijawahi kuuona ule uso kutoka mbele.

"Haya, mwenye farasi," akasema.

Nikafungua kinywa. Zitouna alikuwa amenitulizia pumzi kwenye shingo, pumzi ya moto yenye harufu ya nyasi mbichi.

Nikasema kesho.


Jumatatu, 13 Novemba

Nimejaribu mbele ya kioo cha choo cha shule. Kwa Kifaransa linatoka. Nyororo, sarufi safi, halina uzito wowote, kama kuagiza mkate. Kwa Kiarabu cha nyumbani ulimi unagota kwenye meno. Na Mama atalitaka kwa Kiarabu, najua. Kwa Kifaransa Madame Sekkat alikataliwa.

Mchana nikamwambia Mama afanye anavyoona. Akasema hajaniuliza anavyoona yeye.

Nikamfuata Bouchta. Nikamwomba aseme yeye kwa niaba yangu, nikampa na sababu: mimi ni msichana, mimi ni mdogo, mimi nina haya, kila mtu anajua nina haya. Alikuwa anafua bandeji. Kasema, "Unamjua aliyekuwa akizungumza hivyo hivyo wiki iliyopita? Tofauti yenu kofia tu." Akarudi kwenye bandeji zake.

Ninamchukia Bouchta. Ana meno mabovu na anajiona hakimu.

Mguu wa kulia nao umetoboka. Zitouna amekataa nyasi. Anategemeza kichwa ukutani, midomo imelegea, na kila mara anabadilisha mguu, anainua huu, anautua, anainua ule, anautua, hakuna mguu wa kuegemea. Nimesimama naye. Nimemsimulia habari za imla. Halafu nikajisikia ninavyosimulia, nikaona nimekuwa nani, nikatoka.

Mama kaniita jikoni. Hakuwa na uso wa ukuta, alikuwa na uso wake wa kawaida, umechoka. Kasema mambo hayawezi kuendelea hivi, farasi si wa kunifundishia mimi adabu. Kesho baada ya alasiri atafanya, niseme nisiseme. Mimi ni mwanawe, nyumba ni yake, mashahidi wa Ba Allal wanaweza kwenda kumshitaki.

Nikashusha pumzi. Nikasema basi, si ndiyo hivyo, tatizo limekwisha.

"Kwa Zitouna, ndiyo," akasema. "Kwangu pia si kitu, nitavibeba vyote, nilishavibeba. Wewe ndiye nakupa nafasi mpaka alasiri."

Nafasi ya nini? Ya kuwa kama yeye? Nimekula supu nikalala. Sikulala.


Jumanne, 14 Novemba

Sikwenda shule. Mama hakuuliza.

Tangu asubuhi hajaweka kitu mdomoni. Nimemchunguza. Bouchta kamwekea mkate na mafuta ya zeituni mezani, upo pale pale umekauka. Kachemsha vyombo vyake. Kampigia simu mtu wa lori la kubeba mizoga. Kamkanya mteja mmoja kwa sababu ya paka asiyechanjwa, akamkanya mpaka yule bwana akawa mdogo. Kisha nikamwona ameenda uani peke yake akasimama amekikumbatia kichwa cha Zitouna. Nimetoka kabla hajaniona.

Ba Allal yuko nje. Yuko ng'ambo ya barabara, amekaa ukingoni, kofia magotini. Hakuingia, hakubisha. Nilimpelekea chai kwa sababu Mama kanituma. Nilitaka kumwambia kitu kikali, nilikuwa nacho tayari, tangu Jumapili nakinoa. Akapokea bilauri kwa mikono miwili na kuniuliza kama nimeshasema.

Nikatikisa kichwa.

Akasogea. Akanipisha nafasi ukingoni, pembeni yake, kama unavyompisha mtu wa kwenu. Sikukaa. Wallahi sikukaa! Lakini miguu yangu ilitaka.

Wameadhini alasiri. Niko uani, juu ya gunia. Nikapiga hesabu zangu: nikikaa kimya Zitouna anakufa. Nikisema, anakufa. Dawa ile ile, mshipa ule ule, dakika ile ile. Kwake hakuna tofauti hata ya unywele. Sasa kwa nini siinuki kwenye gunia hili?

Mama ametoka. Bomba la sindano liko kwenye sinia, sinia liko kwa Bouchta. Bouchta ameshatazama mbingu, uani hakuna dari. Mama ameshika shingo ya Zitouna kwa mkono mmoja, ananitazama. Hana uso wa ukuta. Afadhali angekuwa nao.

Amesema, "Ghita."

Nimesema ngoja Mama, namalizia kuandika.

Anangoja. Ameniruhusu. Hata hakunuka— hata hakununa, nakosea herufi. Kalamu inakwenda. Sina tena la kuandika, nimeandika yote, ninaandika kwamba ninaandika, na nikiinua macho wote watatu wananitazama, hata Bouchta, Zitouna ameinua mguu wa kulia, ameutua, ameinua wa kushoto, ameutua, na mimi bado mstari mmoja, Mama, huu tu, mmoja tu, halafu nitalisema, halafu